Buibui wa yuro 12

Nianze na bei, maana ndiyo inayowaponza wengi. Tarantula, yaani buibui wa manyoya, akiwa mchanga wa aina ninayofuga, niliuziwa yuro 12. Kikombe anachoishi hakifiki yuro moja, na chakula chake cha mwezi mzima ni pungufu ya kahawa ya stesheni. Ukipiga hesabu hiyo utasema hakuna mnyama rahisi kufuga kama huyu. Lakini humo hamna mkeka wa umeme wa kupasha joto nilionunua yuro 25, ambao sasa umelala kabatini. Hamna kipimo cha unyevu kilichosema uongo tangu siku kilipotoka dukani. Na hamna buibui wa kwanza, ambaye hakuumaliza msimu wa baridi.

Maelekezo mengi ya kufuga tarantula yanahusu wale wakubwa wa kujaa kiganja. Ukiyafuata hivyo hivyo kwa buibui wa milimita 3 utamuua, tena utamuua huku ukiamini unamtunza. Hilo ndilo nililotaka kusema. Mengine ni namna nilivyolifikia.

Kwetu ni Muheza, mkoani Tanga, ila kwa miaka sasa naishi Dortmund, Ujerumani, na kazi yangu ni uuguzi, zamu nyingi za usiku. Mtu wa zamu za usiku hafugi mbwa. Mwenzangu wa wodini, mama mmoja wa Kijerumani anayekaribia kustaafu, aliniambia kwake ana tarantula ukuta mzima, na kwamba ni wanyama wa watu kama sisi: wanaamka usiku, hawabweki, na ukisafiri wiki mbili ukirudi hawakununii. Ndiye aliyenipeleka Hamm.

Hamm ni mji ulio karibu na Dortmund, na mara nne kwa mwaka hufanyika huko maonyesho ya Terraristika, ambako wafugaji wa nyoka, mijusi, vyura na buibui hukutana kutoka kila upande wa Ulaya. Kwenye meza za buibui kuna vikombe vya plastiki vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja na kibandiko chake. Nikainama kusoma kimoja: Pterinochilus murinus, "Usambara". Kando yake kingine: "Kigoma". Mbele kidogo: "Mikumi". Nilisimama pale nikicheka peke yangu, watu wananipita. Usambara ninayoijua mimi ni ile milima inayoonekana kutoka uani kwa bibi, ya iliki na chai. Sikujua kuna buibui wa huko, mwenye rangi ya chungwa, anayeuzwa Ujerumani kwa jina la mlima. Yawezekana utotoni nilikuwa nikiruka mashimo yao kila siku nikienda shamba.

Nilitaka kumchukua huyo huyo. Mwenzangu akanishika mkono: "Huyo si wa kuanzia." Tarantula wa Afrika na Asia hawana manyoya ya kuwasha ya kujikingia, kwa hiyo silaha zao ni mbio na meno, na huyu wa kwetu anajulikana kwa hasira zake. Akikuuma huendi kaburini, lakini maumivu na kukakamaa kwa misuli ni vitu vya kukulaza ndani. Basi usichague buibui kwa rangi, wala kwa uzalendo.

Niliyeondoka naye ni Cyriocosmus elegans. Asili yake ni Venezuela na visiwa vya Trinidad na Tobago, na Mfaransa Eugène Simon ndiye aliyemtambulisha kwenye sayansi mwaka 1889. Ni katika tarantula wadogo kabisa: akikomaa, ukimpima na miguu yake, ni sentimita 4 hivi. Juu ya tumbo ana alama ya rangi ya shaba yenye umbo la moyo, na ubavuni michirizi ya chungwa na nyeusi. Mezani kwa muuzaji utaoneshwa picha ya huyo mkubwa. Kikombeni utakabidhiwa kinukta cha kahawia ambacho ukipiga chafya karibu yake utaanza kukitafuta.

Muuzaji alinipa maneno mawili tu: joto nyuzi 28, unyevu mwingi. Siku ile ile nikanunua mkeka wa umeme, nikauweka chini ya kikombe, nikanunua na chupa ya kunyunyizia maji.

Sasa fikiria. Huyu ni buibui wa kuchimba. Porini, jua likizidi, huingia chini ambako kuna ubaridi na unyevu. Mimi nilikuwa nimempindulia ulimwengu: kila akichimba kukimbia joto, anajipeleka kwenye joto. Udongo ukawa unakauka kuanzia chini, na juu nanyunyizia kila siku, kuta za kikombe zinatoka jasho, kipimo kinasoma asilimia 80, mimi nimeridhika. Buibui mkubwa angevumilia, ana akiba ya maji mwilini. Wa milimita 3 hana akiba yoyote.

Asubuhi moja nimetoka zamu nikamkuta juu ya udongo, miguu imejikunja yote chini ya mwili. Hii dalili ijueni mapema. Kwenye viungo vikubwa vya miguu yake, buibui hana misuli ya kunyooshea. Misuli yake inakunja tu, kunyoosha anatumia msukumo wa maji ya mwilini. Maji yakipungua, miguu inajikunja yenyewe. Huo si usingizi. Ukimwahi, mlaze juu ya kipande cha tishu chenye maji ili sehemu ya mdomo iguse unyevu, bila kumzamisha, na mara nyingine anarudi. Nilimpigia mwenzangu, akanielekeza hivyo kwa simu, nikakaa na kibanio na taa ya mezani hadi saa nne. Hakurudi.

Sikutegemea kusononeka kwa ajili ya kitu cha ukubwa ule, hasa kwa kazi ninayofanya. Nilisononeka, na niliona haya kumwambia mtu.

Mwenzangu alikuja jioni, akauangalia ule mkeka, hakusema neno, akachomoa waya. Baadaye ndipo akaniambia kwake hana mkeka hata mmoja. Chumba cha kawaida huku wakati wa baridi kina nyuzi 20 hadi 23, na buibui huyu anaishi humo bila taabu. Atakula polepole kidogo, atakua polepole kidogo, basi. Kinachotakiwa kuogopwa ni hita ya ukutani, maana inakausha hewa ya nyumba nzima. Kikombe kikae mbali nayo, na mbali na dirisha linalopigwa na jua.

Wa pili nilimchukua majira ya machipuko, na safari hii niliandaa makazi kabla ya mwenye nyumba kufika.

Udongo ni makumbi ya nazi. Kwetu pwani makumbi hufukiwa kwenye matope ya bahari mpaka yaive, yakapondwa, yakasokotwa kamba. Huku yanauzwa yakiwa yamesagwa na kukandamizwa umbo la tofali, unayamwagia maji ya moto yanavimba. Kamua mpaka yasichuruzike. Jaza theluthi mbili ya kikombe, kisha shindilia kwa kidole gumba. Usione huruma kushindilia, kwani udongo uliolegea utamfukia akichimba. Toboa kwa kijiti kishimo kifupi pembeni, ukutani mwa kikombe, ili ukibahatika achimbe akifuata ukuta na wewe umwone.

Maji usinyunyizie. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lile la kumpa mtoto dawa, utiririshe maji taratibu kwenye ukuta mmoja wa kikombe yashuke hadi chini. Juu pakauke, chini pawe na unyevu, naye atajichagulia urefu unaomfaa. Kwa macho kikombe changu sasa kinaonekana kikavu kuliko kile cha mwanzo, na buibui ananawiri. Kipimo cha unyevu nilikitoa kabisa. Kwenye kikombe kidogo hakina maana, kinapima hewa ya juu, na buibui yuko chini.

Matundu ya hewa nilitoboa kwa pini iliyopashwa moto, pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite. Hapo kuna mtego. Usipime tundu kwa tumbo la buibui, maana tumbo linabonyea. Pima kwa sehemu ya mbele, ile ngumu inayobeba macho na miguu. Ikipita hiyo, kapita mzima. Mwenzangu aliwahi kuweka mtoto mchanga kwenye boksi zuri la kioo lenye wavu, asubuhi akakuta boksi zuri la kioo lenye wavu.

Chakula ndicho kilichonifundisha maana ya udogo. Duka la wanyama linauza nyenje, lakini hata nyenje mdogo kabisa anaweza kuwa mkubwa kuliko buibui wako. Kuna inzi wa matunda wasioweza kuruka, wanafaa sana. Njia ninayoipenda zaidi ni hii: nyenje wanaingia kwenye friza, halafu natoa mmoja, nakata paja la nyuma, naliacha liyeyuke kidogo lisiwe barafu, naliweka mdomoni mwa shimo saa tatu usiku. Watoto wa tarantula wanakula mzoga bila kinyongo. Usiku wa kwanza nilikaa nikitazama, tochi ya simu nimeiziba kwa kidole ibaki mwanga mwekundu. Ulitoka mguu mmoja, ukagusa paja, ukarudi. Kimya. Ikatoka miguu miwili, ikapapasa ule upande uliokatwa, unaotoa majimaji. Mara likanyakuliwa lote, paja refu kuliko mwili wake, likawa linaburutwa kinyumenyume, linakwama kwenye kingo ya shimo, linageuzwa ubavu, linaingia. Nilichelewa kulala kwa ajili ya paja la nyenje.

Kesho yake kilichobaki kitoe. Mabaki yakilala kwenye unyevu yanaleta kuvu, halafu wanakuja utitiri, vinukta vyeupe vinavyotembea. Wakishajaa, hamisha buibui kwenye kikombe kipya na mwaga udongo wote; kunyunyizia dawa ya wadudu usithubutu hata chumba cha pili, maana buibui naye dawa hiyo haimchagui.

Baada ya miezi kadhaa akaziba shimo. Aliweka udongo na utando mlangoni, akapotea. Wiki ya kwanza nikasema sawa. Wiki ya pili nikaanza kugonga kikombe. Wiki ya tatu nilikuwa na kijiko mkononi, nikampigia mwenzangu kwanza, bahati nzuri. "Weka kijiko jikoni," akasema. Alikuwa anajiandaa kujivua gamba. Watanzania wa rika langu mkisikia maneno hayo mnakumbuka siasa za 2011, CCM iliposema inajivua gamba. Huyu anajivua kweli, gamba zima na meno yake. Wakati huo mwili ni laini mno, na ukimfukua unaweza kumchana. Ukiweka nyenje hai humo ndio hatari zaidi, kwa sababu nyenje mwenye njaa atamla yeye. Dalili za kukaribia ni kukataa chakula na tumbo kuwa jeusi la kung'aa. Na ukimkuta amelala chali, miguu juu, usimtupe! Hiyo ndiyo namna wanavyojivua, na kuna watu wametupa buibui wazima kwenye ndoo ya taka. Ameshakuwa mpya? Mwache siku kadhaa meno yakakamae ndipo umpe chakula.

Alipofungua mlango alikuwa amelitupa gamba nje, limekunjika, kama mtu aliyetoa takataka. Na kwa mara ya kwanza ile alama ya moyo ilionekana.

Kuhusu kumshika: hashikwi. Hafaidiki na kushikwa, ni mwepesi mno, na tarantula wengi wa Amerika, huyu akiwemo, wana yale manyoya niliyoyataja. Husugua miguu ya nyuma juu ya tumbo yakaruka hewani. Siku ya kumhamisha kikombe alinirushia kwenye kifundo cha mkono, na kulinikumbusha upupu wa utotoni. Mkononi ni usumbufu tu. Machoni ni hospitali, kwa hiyo usimsogelee na uso, na nawa mikono kabla ya kujigusa macho. Kumhamisha tumia brashi laini ya rangi na kikombe cha kumfunikia, ukiwa ndani ya beseni kubwa jeupe, ili akitoroka umwone.

Nyumbani habari ilifika kwa njia ya simu ya video. Nilikuwa naongea na mama, kikombe kikaonekana nyuma yangu.

"Hicho nini hapo?"

"Buibui, mama."

"Si umuondoe."

"Nimemnunua, mama."

Akanyamaza. Halafu akauliza bei, nikaipunguza kidogo, na bado akamwita dada yangu aje asikie. Wajomba walikuwa na fasiri zao za mtu anayefuga dudu chumbani ughaibuni, sitazirudia. Aliyenitetea mwisho ni mama mwenyewe, kwa hadithi anayoijua kila mtoto wa madrasa, ya buibui aliyetanda mlangoni mwa pango la Thaur Mtume alipokuwa amejificha. "Ila usimlaze kitandani," akaongeza.

Mwenye nyumba ni habari nyingine. Jimbo letu la Nordrhein-Westfalen lina sheria ya wanyama wenye sumu iliyoanza 2021. Imewalenga nyoka wenye sumu, baadhi ya nge na buibui wa hatari kama mjane mweusi. Tarantula wa aina hii hawamo. Hata hivyo nilimwambia mapema, kwa maandishi, na soma mkataba wako kabla ya kununua. Yeye aliuliza kama ananuka. Hanuki.

Na kuna ombi nimelipata zaidi ya mara moja: nikienda likizo Tanga nirudi na wale wa Usambara, "wapo bure." Hawapo bure. Mnyama wa porini Tanzania haondoki bila kibali, na uwanja wa ndege si mahali pa kuanza kueleza mapenzi yako kwa buibui. Aina nyingine zimo pia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini: jenasi Brachypelma ya Mexico, na tangu 2019 Poecilotheria za India na Sri Lanka. Nunua waliozaliwa kwa mfugaji, omba na karatasi panapohitajika.

Gamba usilitupe. Lilipofikia ukubwa wa kuonekana vizuri nililoweka kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo, likalainika, nikalitandaza kwenye sahani nyeupe kwa vijiti vya meno, nikalipiga picha kwa simu iliyobanwa lenzi ya kukuza. Upande wa ndani wa tumbo, kati ya zile pafu mbili za mbele, jike ana vifuko vya kuhifadhia mbegu. Nilitafuta nusu saa. Hapakuwa na kitu. Dume.

Hiyo ni habari ya kusikitisha kwa mfugaji, na wauzaji hawaisemi wakikuuzia mtoto ambaye jinsia yake haijulikani. Jike huishi miaka mingi. Dume akishajivua gamba la mwisho kinachobaki ni muda mfupi. Wangu alijivua, akatoka na ncha za mikono ya mbele zimevimba, akaacha shimo lake, akaacha kula, akawa anazunguka kikombe usiku kucha. Nilidhani anaumwa. Mwenzangu akanieleza kuwa anatafuta mke, na kwamba kuna utaratibu: dume hupelekwa kwa mwenye jike, na watoto wakipatikana hugawanywa nusu kwa nusu. Patanani kabla, pamoja na nani anabeba hasara dume akiliwa.

Nikampeleka Essen kwa mfugaji mmoja, kikombe ndani ya soksi ya sufu kwa ajili ya baridi. Alipanda mara ya kwanza akakimbia salama. Mara ya pili hakukimbia. Mfugaji alinipigia kuniomba radhi, lakini sikuwa na la kumlaumu.

Fungu langu la watoto lilikuja baada ya miezi. Wengi nimewagawa, kila mmoja na bomba lake la sindano na karatasi ya maelekezo ya upande mmoja. Nimebaki na watatu. Mmoja ameziba shimo tangu wiki iliyopita, wawili wanakula vizuri, na nyenje wameisha, kwa hiyo Jumamosi ni safari ya dukani.